Kisu Nilichomchagulia Oyugi

Obunga, Kisumu
Jumapili, 22 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Pokea salamu za heshima kutoka kwangu, mwanao niliye mbali. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kibarazani na si kitandani. Magoti yanasemaje? Dada Wakesho aliniambia kwamba ile dawa ya kupaka imekuwezesha kupanda mpaka kanisani bila kushikwa mkono, nikafurahi siku nzima. Na mihogo ya shamba la chini, nyani wamewaachia chochote? Nasikia Mgange kuna ukungu na baridi mwezi huu. Vaa lile koti zito, usilitunze kama nguo ya harusi.

Mimi sijambo, ila bega la kulia linanisumbua. Miaka kumi na mmoja ya kuvuta ngozi za ng'ombe si mchezo, na sakafu ya machinjioni haikauki hata siku moja. Huku jua linachoma mpaka saa nane, kisha upepo wa ziwani unageuka na mvua inashuka ghafla, tunarudi Obunga tumelowa. Lakini nakula, nalala, na nguo ninazo. Usiwe na wasiwasi kwa hayo.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Sababu ni kwamba nikikupigia unaweka sauti ya juu, na Wakesho anasikia, na watoto wanasikia, na hata jirani akipita anakaribishwa asalimie. Maneno haya nataka uyajue wewe peke yako. Unasoma Biblia bila msaada, basi na hii isome mwenyewe, polepole, ingawa mwandiko ni wa mtu aliyeishia darasa la sita. Ukichoka vua miwani, pumzika, kisha urudi.

Umeniuliza mara mbili mbona Oyugi hakusalimii siku hizi. Nilikujibu kwamba ana kazi nyingi. Sikupenda kukuambia zaidi, kwa sababu ulimpenda. Tulipokuja kumzika Baba yeye ndiye aliyesafiri nami kutoka huku mpaka huko, na wewe ukamlaza kwenye kitanda cha Baba, ukamwambia kuanzia leo una wana wawili. Alilia siku ile. Mimi sikulia, yeye alilia. Basi nakueleza sasa alivyonifanyia huyo mwanao wa pili.

Wajua jinsi tulivyokuwa. Nilipofika Kisumu sikuwa na mtu. Oyugi alinikuta langoni mwa machinjio nikisubiri kuitwa kibarua, akanicheka, akaniuliza kama Wataita huchuna ng'ombe au huwaimbia tu mpaka wavue ngozi wenyewe. Nilipochuna wa kwanza aliacha kucheka. Tangu siku hiyo tukawa tunachuna pamoja, yeye upande wa miguu na tumbo, mimi mgongo na shingo, ambako ndiko ngozi hutoboka kwa mtu asiyejua. Tulipanga chumba kimoja. Alinifundisha kula omena, dagaa wa ziwani, nami nilimpikia kimanga cha mihogo ya kuponda akasema ni chakula cha watu wasio na meno, lakini alimaliza. Aliniita omera, ndivyo wanavyomwita ndugu kwa lugha yao. Mkewe Dorca na watoto wako kwao Katito, huko Nyakach, nami Krismasi kadhaa nimekula kwao kama mtu wa nyumbani.

Sasa, Mama, kuna jambo ambalo Oyugi alilijua kunihusu kuliko watu wote. Alijua kwamba sikuitaka kazi ya machinjio. Nilitaka kazi ya Baba. Tangu nikiwa mtoto nikimsikiliza akisimulia kambi za wawindaji kule Maktau, kabla uwindaji haujakatazwa, nilijiona mimi chini ya kivuli cha mti, mnyama mmoja mbele yangu, si ng'ombe arubaini wanaoning'inia. Nilimweleza Oyugi mambo hayo miaka yote. Nilimweleza jinsi Baba alivyonifundisha kwa mbuzi, akinipiga kofi kila nilipotoboa, na jinsi alivyonifundisha kisu. Shule niliiachia njiani, lakini kwa kisu nilisoma mpaka mwisho.

Huku Kaloleni kuna mzee aitwaye Badru, Mwislamu, mtu mpole, mwenyeji wa mji huu tangu babu yake. Kila mwaka kuanzia mwezi wa saba Badru huvuka mpaka kwenda Tanzania, ambako watu bado wanawinda kwa leseni, akasimamie banda la ngozi katika kambi ya wageni. Msaidizi wake alikuwa amezeeka, na mwaka huu alihitaji mwingine. Badru haulizi cheti. Anakuambia uje na kisu chako mwenyewe cha kuchunia, chuma kimoja kisichokunjika, na akishakigeuza mkononi mwake anasema anajua wewe ni mchunaji wa namna gani.

Mwezi wa tano nilishikwa na malaria, nikalala siku nne. Oyugi aliniletea maji, alinikandakanda, alikwenda kazini peke yake. Siku moja kati ya hizo Badru alikuja machinjioni akimtafuta yule Mtaita ambaye ngozi zake hazina tundu. Alimkuta Oyugi. Akamwachia ujumbe kwamba nikipona niende nikamwone na kisu changu.

Ujumbe huo haukunifikia. Jioni ile Oyugi alirudi, akanipikia uji, akaniuliza kama homa imeshuka.

Baada ya wiki mbili au tatu akaniambia ana shemeji yake Migori amepata kazi kwa wawindaji upande wa Tanzania, na shemeji huyo amemwomba amnunulie kisu Kisumu, kwa sababu visu vya Migori ni vya kukatia sukuma wiki. Yeye Oyugi hajui kisu cha mnyama wa porini, anajua hivi vya machinjio tunavyopewa. Akaniomba niende naye Kibuye nimchagulie. Nilimwonea wivu huyo shemeji nisiyemjua, lakini nilikubali. Nani angekataa kumsaidia ndugu yake?

Tulikwenda Jumapili, siku ambayo soko la Kibuye limejaa mpaka barabarani. Upande wa jua kali yuko mhunzi aitwaye Ooko, anayefua visu kwa springi za magari. Pembeni ya moto wake ana meza yenye visu vyake na vingine vya mitumba vilivyotoka ng'ambo. Ooko ni mtu wa maneno mengi. Alipotuona alisema leo machinjio yamekuja kanisani. Oyugi akamjibu kwamba kanisa lenye moshi namna hii ni la shetani, na wewe Ooko ndiye mchungaji. Tulicheka sana.

Nikamfundisha Oyugi pale mezani kama Baba alivyonifundisha. Nilimwambia aviache vya kukunja, maana damu na mafuta huingia kwenye kiungo, na siku moja kitajifunga kwenye vidole vyako. Nilimwonyesha kwamba kisu kirefu ni cha mtu anayetaka kutisha watu, cha kuchunia kisizidi upana wa kiganja na vidole viwili. Ncha isiinuke juu, la sivyo itatoboa utumbo na nyama yote inanuka. Tumbo la kisu liwe na mzingo, ili makali yateleze kati ya ngozi na nyama bila kuchimba. Nikamwambia chuma kikiwa kigumu mno kinameguka kikigusa mfupa, na kikiwa laini mno utanoa kutwa badala ya kuchuna. Oyugi alisikiliza kama mtoto wa shule, akirudia maneno yangu chini kwa chini. Aliniita mwalimu. Nikamchagulia kisu kilichokuwa bora mezani, akalipa, tukarudi nyumbani tukila mahindi ya kuchoma.

Mwisho wa mwezi wa sita akaniaga. Alisema mama yake anaumwa, anakwenda Katito kwa muda, na machinjioni ameomba ruhusa. Nilimsindikiza mpaka stendi nikambebea begi.

Wiki tatu baadaye nilipita Kaloleni kununua chapati kwa Khadijah, mkewe Badru, ambaye huuza pale nje ya nyumba yao. Walikuwapo wateja wengine. Khadijah akanipa pole, akaniuliza mikono yangu inaendeleaje. Nikamwuliza mikono gani. Akasema si Oyugi aliwaambia kwamba tangu ile malaria mikono yangu inatetemeka, na kwamba hata kabla ya hapo ilikuwa inatetemeka kwa sababu ya pombe ya chang'aa, ila wenzangu wananificha nisifukuzwe? Mzee alisikitika sana, Khadijah akaendelea, maana alikuja kukutaka wewe. Basi akamchukua rafiki yako, na kisu chake kilimpendeza.

Mama, mimi chang'aa nimeionja mara moja tu maishani, na wewe ndiye uliyeninusa. Lakini hata hilo la chang'aa silo lililoniuma. Ni mikono. Mchunaji ukimwambia watu mikono yake inatetemeka umemzika, na mtu aliyenizika alikuwa ananipikia uji.

Pale kwa Khadijah watu walishangaa. Mmoja akasema huyo si rafiki, huyo ni kupe. Habari ilifika Obunga kabla yangu. Machinjioni walinipa pole kama mtu aliyefiwa, na kijana mmoja anayeosha matumbo akaniomba ninyooshe mikono mbele ya wote waone kama inatetemeka. Niliinyoosha. Haikutetemeka. Walipiga makofi. Sijawahi kuaibika kama siku ile, kupigiwa makofi kwa kuwa na mikono mizima.

Nililala chumbani peke yangu na godoro lake likiwa limekunjwa ukutani. Nililitazama siku nyingi. Nilijiuliza alipanga lini. Je, ni wakati alipokuwa akinipa maji, au alipokuwa akipoza uji kwa kuupuliza? Mtu anaweza kupuliza uji wa mwenzake na huku anamwibia? Kumbe anaweza.

Halafu mwezi wa nane tarehe za mwisho, habari nyingine ikafika. Oyugi ameumia. Walikuwa wanachuna nyati. Ngozi ya shingo ya nyati ni nene kama tairi, inataka mkono wenye nguvu na kisu kisichocheza. Alipokuwa anasukuma, mpini ulipasuka, chuma kikageuka ndani ya mkono wake, na mkono wenye mafuta ukateleza mbele ukapita juu ya makali. Badru alimfunga kwa kilemba chake mwenyewe na gari likaenda mwendo wa saa nne kufika hospitali. Mkono ulishonwa, lakini mishipa ya vidole vitatu ilikuwa imekatika. Mkono wa kulia, Mama.

Obunga walisema Mungu hachelewi. Yule kijana wa matumbo alisema sasa tuone ni nani anayetetemeka. Walitaka nicheke nao. Nilisema nina kazi.

Nilikwenda Katito kumwona. Watu walinisifu, wakasema nina moyo wa ajabu. Nilibeba sukari na mkate kama mtu yeyote anayetembelea mgonjwa. Dorca alinipokea akilia, akaniita shemeji, akasema mumewe hastahili kuwa na mtu kama mimi. Alichinja kuku. Oyugi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba, mkono umefungwa na kuning'inizwa shingoni, na mtoto wake wa mwisho alikuwa anamfungia kamba za viatu. Amekonda. Hakunitazama mpaka Dorca alipoingia jikoni.

Kisha alisema yote bila kuulizwa. Alisema Badru alipomwambia anamtaka Mtaita, aliona mlango umefunguka na mwenye kualikwa amelala kitandani. Alijiambia kwamba mimi sina mke wala mtoto na yeye ana watano. Alisema la kutetemeka lilimtoka mdomoni kabla hajalifikiri, na likishatoka halirudi. Alisema kule kambini kila alipochuna alisikia sauti yangu ikimwambia aulaze mkono. Akasema ameadhibiwa na amekubali. Akaomba nimsamehe. Na mwisho, Mama, akanishukuru kwa kile kisu. Alisema kisu kilikuwa kizuri, hata Badru alikisifu, kosa lilikuwa la mkono wake usiojua kupima nguvu, na kwamba nisije nikajilaumu hata kidogo.

Nilikula yule kuku. Nilikula paja lote na Dorca akaniongeza.

Hapa, Mama, vua miwani kama unataka kupumzika, kwa sababu nitakuambia kitu ambacho nimekuficha tangu ukurasa wa pili. Hapo juu nimekuandikia kwamba nilijua usaliti wa Oyugi siku ile kwa Khadijah, na kwamba nilimchagulia kisu kilichokuwa bora mezani. Yote mawili ni uongo. Ningeweza kuichana karatasi nikaanza upya, lakini nimeuacha ulivyo ili uone jinsi ulimi wangu ulivyouzoea. Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu wote wa Obunga na ndivyo nilivyokuwa nikijiambia mwenyewe.

Nilijua palepale Kibuye. Tulipokuwa mezani Oyugi aliniacha kidogo akaenda kutafuta soda, kwa sababu jua lilikuwa kali. Ooko akasogea, akapunguza sauti, akanipa pole ya mikono. Alisema Badru hununua visu vyake pale, na alimweleza kwa masikitiko kwamba alimtaka Mtaita lakini amesikia anatetemeka, kwa hiyo atakwenda na Oyugi. Ooko akaniuliza, sasa mbona umekuja kumchagulia kisu cha kukuchukulia kazi yako, Mtaita, wewe ni malaika au ni mjinga? Nilitazama mikono yangu. Nilitaka kuhakikisha. Kisha nikamtazama Oyugi akija katikati ya watu ameinua chupa mbili juu zisimwagike, anacheka, ananiita mwalimu.

Nilikuwa na nafasi ya kumkamata shati mbele ya soko zima. Nilikuwa na nafasi ya kwenda moja kwa moja mpaka Kaloleni nikanyoosha mikono mbele ya Badru. Nyumba yake si mbali, ningefika jua likiwa bado juu, na labda kazi ingekuwa yangu. Sikufanya hivyo. Nilipokea soda, nikanywa, nikamwambia asante.

Mezani palikuwa na visu viwili vya kufaa. Kimoja alikifua Ooko mwenyewe. Kilikuwa kibaya kwa sura, cheusi, mpini wake wa mpira wa tairi, lakini chuma chake kilipita ndani ya mpini mpaka mwisho na kushikwa kwa misumari mitatu, na mbele kilikuwa na kizuizi cha kuzuia kidole kisiteleze. Cha pili kilikuwa cha mtumba, kizuri kama cha maonyesho. Makali safi, mzingo safi, mpini wa mti mwekundu uliopakwa vanishi mpaka unajiona uso. Baba alinifundisha kwamba kisu usikiamini kwa macho. Ushike chuma kwa vidole viwili, ugonge mpini kwa kucha, usikilize. Chuma kikifika mwisho wa mpini sauti inafika nayo. Kikiishia njiani sauti inakufa. Hata wachunaji wakubwa wengi hawajui hilo, Badru pia hakulijua. Nilikigonga kile chekundu wakati Oyugi anamimina soda kooni. Sauti ilikufa karibu kabisa na kidole. Chuma kilikuwa kimeingia kama inchi moja tu, kilichobaki ni gundi.

Nikamwambia achukue hicho. Nilimfundisha yote mengine, nikaacha hilo moja. Aliponiuliza kuhusu kile cheusi nilimwambia ni kizito, kitamchosha. Ooko alinitazama, akauliza Mtaita, unaiacha kazi yangu unachukua pambo? Nikamjibu kwamba mgeni hupenda kitu kinachong'aa. Ooko akarudi kwenye moto wake. Nadhani alielewa. Hajawahi kuniuliza tena, na mimi siku hizi nikienda Kibuye napita upande wa nguo.

Unaweza kuniuliza nilitaka nini kitokee. Nilitaka mpini uvunjike mbele ya Badru na wageni wake, aaibike, arudishwe nyumbani. Hilo nalisema na ni kweli. Lakini mimi ni mchunaji, Mama. Nilijua mpini ukivunjika mkono huenda wapi. Nililijua hilo nikiwa nimesimama pale na soda mkononi, sikulifikiria baadaye. Na Jumapili ile niliporudi nyumbani nililala vizuri.

Wiki iliyopita Badru alinipigia simu kutoka kambini. Aliomba radhi kwa kuamini maneno ya mtu. Alisema amesikia kutoka kwa mkewe kwamba mikono yangu ni mizima, na kwamba msimu bado una miezi mitatu, na mwaka ujao upo. Alisema njoo na kisu chako. Maneno yale niliyasubiri tangu nikiwa mtoto. Nilimwomba siku tatu nifikirie, akashangaa mtu anafikiria nini.

Alhamisi niliomba ruhusa, nikarudi Katito. Dorca alikuwa amekwenda kusaga. Nilimwambia Oyugi yote, nikiwa nimesimama, sikuweza kuketi. Kisha aliniuliza swali moja tu, kama kile cheusi kingemvumilia yule nyati. Nikamwambia kingemvumilia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayejumlisha hesabu ikakubali. Hakunitukana, ningependa angenitukana. Alisema nikitaka kumwambia Badru ni shauri langu, lakini Dorca nisimwambie. Alisema Dorca anamwita yeye mwizi kila asubuhi na mimi ananitaja katika maombi, basi tumwachie angalau mtu mmoja wa kumwamini. Halafu akasema niondoke kabla hajarudi na unga, maana ataanza tena kutafuta kuku.

Kwa hiyo mimi na Oyugi tuna siri ya pamoja sasa, kama zamani.

Nikiwa njiani kurudi nilimpigia Badru. Nilimwambia kisu kile nilikichagua mimi, nikijua. Nilisikia ndege wa kule, na mtu akicheka mbali na simu. Badru akasema alikigeuza mkononi mwake na akakipenda, na kwamba kumbe alichokuwa anakisoma si Oyugi, alikuwa ananisoma mimi. Akasema fundi anayeweza kufanya hivyo, yeye Badru hawezi kumpa nafasi ya kusimama nyuma yake na makali. Akanitakia amani ya Mungu, akakata. Kazi hiyo imekwisha, Mama. Ile ya Baba. Kesho narudi kwenye ng'ombe arubaini.

Usifikiri kwamba kwa kuwa nimeungama basi moyo umesafika. Bado nimemkasirikia Oyugi. Yeye ndiye aliyeanza, na nikikumbuka ule uji napata joto kifuani kama homa ile imerudi. Mkono wake unaniumiza na ulimi wake unaniumiza, na kimoja hakipunguzi kingine. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu kabla hujamsifu mwanao mbele ya watu wa kanisa.

Nisalimie Wakesho na watoto, mwambie wa kwanza asome, asije akashika kisu. Nisalimie shangazi Mkawasi na wote wanaoniulizia. Baridi ikizidi, funga dirisha la upande wa mlima. Na ukipiga magoti, Mama, magoti yenyewe yakikubali, anza kwa kulitaja jina la Oyugi. Mimi nimejaribu, nikifika hapo nanyamaza.

Ni mimi mwanao,
Granton Mwasaru